Mshona Kofia Anayefuata Nyuzi Ndani ya Yai la Mnyoo

Saa tatu asubuhi jua linafika kwenye dirisha la ghorofani, na Idarus bin Hadi anavua viatu mlangoni. Hakuna aliyemwamuru. Anasema vumbi la barabara ya Kilindini likiingia humu, kazi ya wiki nzima imekwenda na maji.

Anaketi, anageuza kioo kidogo kilicho chini ya hadubini mpaka jua limulike panapotakiwa, kisha anafumba jicho la kushoto. Mkono wa kulia unaanza kwenda juu ya karatasi. Haangalii karatasi. Anaangalia ndani ya yai la mnyoo wa punda, yai ambalo ukilitia juu ya ukucha wa kidole cha mwisho utadhani ni punje ya vumbi.

"Tulia kidogo, bwana," ananiambia, nami nilikuwa nimehamisha mguu tu. "Sakafu ikitikisika, yai nalo lacheza."

Mshona kofia huyu wa mtaa wa Kibokoni, Mombasa, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, sasa ni mchoraji wa vitu ambavyo hapa kisiwani hawajaviona watu kumi. Mwandishi wa habari hizi alikuja akidhani atacheka. Ni siku ya tatu leo na sijacheka bado.

Mjini, kucheka wanacheka wao. Kwenye baraza za Kibokoni wamempa jina, fundi wa kofia za minyoo. Mwajiri wake, Daktari Hallam, tabibu wa wanyama kutoka Uingereza, wanamwita Bwana Minyoo, na nasikia mwenyewe analijua jina hilo na hulitumia akijitambulisha. Idarus hajali. "Asiyejua maana haambiwi maana," anasema, na jicho linarudi kwenye hadubini.

Alizaliwa Kibokoni, kama baba yake na babu yake, katika ukoo uliotoka Hadhramaut siku ambazo hata wazee wao hawazikumbuki. Kushona kofia ni kazi ya nyumba yao. Kofia moja ya bafta nyeupe, yenye matundu yaliyozungushiwa uzi moja baada ya moja, humchukua miezi mitatu, na huuzwa rupia kumi na mbili. Ramadhani ikikaribia, akibahatika, hupata kumi na tano. Kwa mtu mwenye mke, binti na mama mzee, hapo hapana utajiri.

Mwaka jana Daktari Hallam alinunua kofia yake moja dukani. Badala ya kuivaa aliitia chini ya hadubini, akahesabu mishono ya kila tundu. Alihesabu matundu arubaini, na yote yalikuwa na mishono kumi na minne. Hapakuwa na la kumi na tatu wala la kumi na tano. Siku ile ile alipanda kigari cha reli, kile kinachosukumwa na watu, akaja mpaka mjini kumtafuta mwenye mkono huo.

"Akanikuta barazani kwangu," Idarus anakumbuka. "Akaniuliza, waweza kuchora kitu usichokijua? Nikamwambia, bwana, mimi nijuacho ni kofia, vyengine vyote sivijui. Akasema basi wewe ndiye nimtakaye."

Wakakubaliana rupia thelathini kwa mwezi. Lakini kabla ya kupokea hata moja, Idarus alikwenda kwa sheikh wa msikiti wao kuuliza, maana kuchora viumbe si jambo la kuparamia. Sheikh alimuuliza kama vitu hivyo vina uso. Akasema havina. Akamuuliza kama vina roho. Idarus akasema vilikuwa nayo, lakini Daktari amekwishaitoa kwa spiriti na siki. Sheikh akafikiri, akasema, "Basi chora, lakini usiongeze."

Minyoo yenyewe huletwa na Karisa, mtu wa Rabai, mwenye punda watano wa kuchukua maji mjini. Daktari huwatibu punda wake bure, na minyoo inayotoka ni haki ya Daktari. Karisa huja na ndoo yake amefurahi, kwa kuwa punda wake sasa wamenenepa na wivu wa wenziwe anauona wazi.

Mayai hutolewa kwenye tumbo la mnyoo, huachwa kwenye joto letu hili yaanze kukua, kisha huuawa kila baada ya muda fulani, mengine mapema na mengine baadaye. Halafu hutiwa rangi nyekundu, nayo huachwa ishike kama hina. Rangi ile haishiki kila mahali. Hushika zaidi kitu kimoja kilicho katikati, na kitu hicho ndicho kilichomtoa Daktari kwao.

Nilipopewa nafasi ya kutazama, nilichokiona kwanza ni kope zangu mwenyewe. "Kila mtu huona kope zake kwanza," Idarus alinituliza. "Ngoja."

Nikangoja. Ukatokea mwanga, na ndani ya mwanga duara, na ndani ya duara nyuzi nne nyekundu zilizojipinda, safi, kama mtu ameziweka kwa kibano.

Daktari anaeleza kwamba mwili wa kila kiumbe, wa mnyoo na wa msomaji pia, umejengwa kwa chembe ndogo ndogo. Kila chembe ina kiini, na ndani ya kiini mna nyuzi. Wazungu wamezipa nyuzi hizo jina la Kiyunani. Idarus anaziita nyuzi, maana uzi ndio anaoujua, nasi tutamfuata yeye. Binadamu anazo nyingi mno hata mabingwa bado wanagombania hesabu. Mnyoo huyu wa punda anazo nne, mbili kutoka kwa mama na mbili kutoka kwa baba, na hii ndiyo sababu mnyoo amepata heshima ambayo simba hakuipata.

Sasa fikiri, msomaji. Yai ni moja. Linagawanyika, zinakuwa chembe mbili, zinakuwa nne, zinakuwa nane. Mwisho wake pana ngozi, pana utumbo, pana misuli, pana mnyoo mzima anayemsumbua punda wa Karisa. Nani aliyeziambia chembe zile, wewe kuwa ngozi na wewe kuwa utumbo? Na zile nyuzi nne, zinabaki vile vile katika kila chembe, au zinabadilika kila chembe inapochukua kazi yake?

Hilo ndilo swali la Daktari Hallam. Bingwa mmoja wa Ulaya ameona kwamba katika mnyoo wa farasi nyuzi hubadilika, tena kwa namna ya ajabu. Daktari alitaka kujua kama mnyoo wa punda wa pwani hii hufanya hivyo hivyo. Lakini Daktari hakumwambia Idarus chochote katika haya.

"Sikutaka achore anachokijua," Daktari aliniambia kwa Kiswahili chake kilichonyooka. "Nilitaka achore anachokiona."

Mwanzo kazi ilikwenda vizuri hata ikatisha. Yai likisha kugawanyika mara ya kwanza, hupatikana chembe mbili zilizolala ubavu kwa ubavu, na kila moja ina kiini chake. Wakati huo nyuzi hulegea, hujitandaza, na kiini hutoa vidole vifupi. Ncha za nyuzi hukaa ndani ya vidole hivyo. Idarus alichora kiini cha kushoto, kisha cha kulia, akatazama karatasi, akatazama tena.

"Nikaona ni kofia," anasema.

Inafaa kueleza hapa wanavyofanya washonaji. Pambo la duara la juu la kofia halichorwi lote. Fundi huchora nusu kwa makaa, hukunja bafta katikati, halafu husugua kwa kauri, lile gamba laini la baharini, mpaka makaa yahamie upande wa pili. Hivyo kushoto na kulia hulingana sawasawa. Kofia isiyolingana ni aibu, na fundi hufumua na kuanza upya.

Idarus aliikunja karatasi ile katikati, mbele ya Daktari, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kidole kililala juu ya kidole, ncha juu ya ncha. Viini viwili vilikuwa kama mtu na kioo chake.

Daktari alikaa chini sakafuni. Alimweleza kwamba kila uzi hupasuka kwa urefu wake, nusu ikaenda huku, nusu ikaenda kule, na kila nusu hukaa mahali pale pale ilipokaa ya pili. Nyuzi hazikumwagwa ndani ya kiini ovyo ovyo. Kila mmoja una mahali pake, na mahali hapo haupasahau.

"Siku ile nilirudi nyumbani kwa miguu," Idarus anasema. "Kigari kilinipita nisikione. Nalikuwa nafikiri, punda anakula majani kule bara, Changamwe, na ndani ya tumbo lake mambo yamepangwa hivi."

Basi tangu siku hiyo akachukua mtindo wa nyumbani kwao. Huchora kiini kimoja kwa kalamu laini ya risasi, hukunja karatasi, husugua kwa kauri, na ndugu yake anapatikana. Kisha huhakiki kwenye hadubini. Daktari aliuona, akaupenda, maana kazi ilikwenda mara mbili ya upesi.

Ndipo Daktari akashikwa na homa.

Wiki tatu alilala hospitali. Kwinini walizompa zilimponya homa zikamtia ukungu machoni, akawa anaona watu kama vivuli. Aliagiza kazi isisimame. Mayai ya mgawanyiko wa pili yalikuwa tayari kwenye vioo, thelathini na moja, na Idarus aliyachora yote peke yake.

Mayai hayo yalimsumbua. Katika kila moja, chembe ya upande mmoja ilikuwa na nyuzi zake nne ndefu, nzuri, kama alivyozoea. Ya upande wa pili ilikuwa chafu. Palikuwa na vipande vikubwa vikubwa vilivyotawanyika pembeni na vumbi jekundu katikati. Alidhani rangi haikushika, au siki ilizidi. Akachora ile nzuri, akakunja, akasugua kwa kauri, na ndugu yake akatoka naye mzuri. Safari hii hakuhakiki, kwa kuwa aliona hakuna cha kuhakiki kwenye uchafu.

"Fundi akiona mshono umeharibika haushoni vile ulivyoharibika," anajieleza, na uso wake bado haujatulia akisema hivi. "Huutengeneza. Mkono wangu umefanya hivyo tangu nina miaka tisa."

Daktari alirudi amekonda. Akapewa karatasi thelathini na moja, akazishika karibu na pua, akazipitia moja moja. Katika zote, nyuzi nne kushoto na nyuzi nne kulia. Hakuna kilichobadilika. Alifurahi furaha ya mtu aliyepata jambo ambalo halikutarajiwa. Mnyoo wa punda wa Mombasa amemkanusha bingwa wa Ulaya. Aliandika barua ya kurasa kumi na moja, akafunga barua na michoro katika bahasha moja nene, akapiga muhuri wa nta. Meli ya barua ilikuwa iondoke Jumamosi.

Jumatano ya wiki ile ile, Karisa alileta ndoo. "Miezi saba naleta minyoo hapa," akasema, "na hakuna aliyenionyesha inafanywa nini." Idarus akampisha kiti.

Karisa aliona kope zake, akangoja, akaona.

"Bwana Idarus, huyu mmoja ana kamba zake nzima. Huyu mwenziwe zake zimetwangwa."

"Rangi haikushika," Idarus akamjibu. "Huharibika mara nyingine."

"Nionyeshe jingine ambalo halikuharibika."

Idarus akabadilisha kioo. Karisa akatazama. "Hili nalo zimetwangwa upande mmoja." Kikaja kioo cha tatu, cha nne, cha tano. Kwenye cha sita Karisa akainua kichwa.

"Mimi ni mtu wa punda, sijui kitu," akasema. "Lakini uchafu hauchagui. Ungekuwa uchafu, mara ungeharibu wote wawili, mara usiharibu hata mmoja."

Karisa alichukua ndoo yake akaenda zake. Idarus akarudi kitini. Alitoa vioo vyote thelathini na moja, akaanza upya, bila kalamu, kwa jicho tu. Mayai thelathini na moja, na katika kila moja upande mmoja nyuzi nzima, upande mmoja zimevunjika. Hata moja halikukosa. Na sasa alipotazama kama mtu anayetazama na si kama fundi anayetengeneza, aliona kwamba ule uchafu una mpango. Ncha nene za nyuzi zilikuwa zimekatika na kuachwa nje. Kipande cha katikati kilikuwa kimegawika vipande vidogo vidogo vilivyojipanga safu, vikisubiri kuingia katika kiini.

"Wiki tatu nzima," Idarus anasema, "nalikuwa namsahihisha Mola."

Bahasha ilikuwa juu ya meza, futi tatu kutoka mkono wake, na nta yake nyekundu.

Alasiri alirudi Kibokoni akamkuta mkewe, Badria, anashona. Bibi huyu alizungumza nami akiwa nyuma ya pazia la mlango, na ameniruhusu kuyaandika maneno yake.

"Nilimjua kwa namna alivyokaa," alisema. "Hakuvua hata kilemba. Akanieleza. Nikamuuliza, Daktari ajua? Akasema, hajui, macho yake bado. Nikamuuliza, atajua? Akasema, pengine asijue maisha. Lakini, akasema, nikimwambia, mkono wangu hautaaminiwa tena, wala na yeye wala na mtu mwingine, na mjini watapata la kusema mpaka nife."

"Ukamjibu nini, Bi Badria?"

"Nikamwambia, Baba Saadia, kofia yenye kosa huvaliwa na mtu mmoja. Hiyo itavaliwa na wangapi?"

Alhamisi asubuhi Idarus alikuwa mlangoni kwa Daktari kabla ya jua kufika dirishani. Hakukaa. "Daktari, nimekudanganya," akasema, na akaeleza yote: kukunja, kauri, uchafu, Karisa.

Daktari aliuliza neno moja tu. "Mangapi?"

"Yote."

Daktari akaenda dirishani akasimama akitazama nje. Anachokumbuka Idarus ni kwamba alikuwa anahesabu vitu vyake vilivyomo chumbani, ajue atabeba nini akifukuzwa: kalamu mbili, kauri na mswala.

"Nilikasirika, sitaficha," Daktari aliniambia. "Nilibakisha siku mbili tu nijifanye kichekesho mbele ya mabingwa wote wa kazi hii. Tena nikamkasirikia zaidi kwa sababu mimi ndiye niliyeusifu ule ujanja wa kukunja. Ukweli wa somo la kwanza ndio uliomdanganya katika somo la pili."

Alipogeuka alikwenda mezani. Aliinama kwenye hadubini kwa macho yake yenye ukungu, akaona upande mmoja nyuzi, na upande wa pili wingu. Macho yake hayakumtosha. Akamtuma mtumishi amlete Karisa, na Karisa akaja na jasho la barabarani. Daktari alimkalisha mbele ya vioo vitano alivyovichagua mwenyewe, akamkataza Idarus kufungua mdomo, na kila kioo akauliza unaona nini. Mara tano Karisa akasema kamba nzima huku, zilizotwangwa kule.

Daktari akaivunja nta. Akaitoa barua ya kurasa kumi na moja, akaipasua katikati.

Halafu akawaketisha wote wawili, mshona kofia na mtu wa punda, akawaambia lile alilokuwa amelificha tangu mwanzo. Kile ambacho Idarus alikifuta mara thelathini na moja, akidhani ni uchafu, ndicho hicho hicho ambacho yeye Daktari alivuka bahari kuja kukitafuta.

Chembe ambayo nyuzi zake hukatika ncha na kuvunjika, alieleza, ni ile iliyokwishaingia njia ya kazi. Watoto wake watakuwa ngozi, misuli na mishipa. Inapochukua kazi, hupanga upya vilivyomo ndani ya kiini chake, na kilichozidi hukiacha nje kiyeyuke. Kiini chake baadaye huwa duara laini, hakina tena vidole. Dada yake hubaki na nyuzi zake zote, ndefu, na kiini chake bado kina vidole. Akigawanyika, mmoja wa watoto wake huingia kazini, nyuzi zake nazo zikavunjika, na mmoja hubaki mzima. Hivyo hivyo tena, na tena. Katika kila kizazi cha chembe, yupo mmoja tu asiyepunguziwa kitu.

Idarus akauliza huyo mmoja anangojea nini.

"Huyo ndiye atakayekuwa mayai ya mnyoo ajaye," Daktari akamjibu. "Wengine watajenga mwili, na mwili utakufa. Yeye anabeba nyuzi nzima kuzipeleka mbele."

Karisa alisema, "Kama mbegu. Mahindi yote huliwa, ya mbegu hayaguswi." Idarus alikuwa analia, na hakuona sababu ya kuficha.

"Nalikuwa nafikiri amana," aliniambia. "Kitu umewekewa si chako, ukipitishe kama kilivyo. Mnyoo wa punda analijua hili, na mimi, mtu mzima, nalishindwa kwa wiki tatu."

Daktari hakumfukuza. Lakini hakumsamehe bure. Aliichukua ile kauri akaifungia kwenye mtoto wa meza, na ufunguo anautia mfukoni. Michoro thelathini na moja ilirudiwa yote, kila chembe kwa jicho lake, na chini ya kila karatasi Idarus anatakiwa aandike kwa mkono wake, "Nimeona," na jina. Meli ya Jumamosi ilikwenda bila bahasha. Bahasha itakwenda siku ambayo Daktari ataridhika, na michoro ile ikiwa haina mchoro wa mwisho hataridhika.

Mchoro huo wa mwisho, wa kuonyesha ile chembe moja nzima ilipo kati ya chembe sitini na zaidi, ndio unaomkalisha Idarus hapo tangu mwezi uliopita. Mpaka chembe kumi na sita aliifuata ile moja nzima bila taabu. Kwenye thelathini na mbili alitoka jasho, akaipata kwa kuvitafuta vidole vya kiini. Baada ya hapo chembe zimebanana, moja juu ya nyingine, na ile yenye nyuzi nzima imezama ndani, imefunikwa na dada zake wafanyakazi. Daktari atasafiri kwenda kwao mwezi wa tatu. Ameahidi, kazi hii ikitimia, kumwachia Idarus hadubini, aendelee na mayai mengine mpaka atakaporudi. Ikiwa haikutimia, hadubini itapanda meli na mwenyewe, na Idarus atarudi barazani kwake.

Swali langu la mwisho lilikuwa hili: je, hakutamani hata mara moja kuijazia pale inapopasa kuwa? Daktari anajua ipo. Yeye anajua ipo. Kiini chenye vidole na nyuzi nne amekichora mara mia, mkono unaweza kukitoa katika usingizi.

"Kila siku," alijibu.

Saa sita inakaribia, na jua linaanza kuhama dirishani. Idarus anaweka kalamu chini na kupuliza wino. Karatasi imejaa, chembe sitini na kitu, kila moja na kiini chake cha duara, laini, na vumbi lake jekundu ndani. Daktari Hallam, ambaye macho yake sasa yamerudi karibu yote, anaingia, anaivuta karatasi na kuipeleka kwenye mwanga. Kidole chake kinapita juu ya mistari, safu kwa safu, kisha kinasimama. Upande wa chini, kati ya chembe nne, pana mahali peupe pa ukubwa wa dengu. Hapana mstari wala nukta.

"Na hapa?" anauliza.

"Hapo sijaona," anasema Idarus.

Daktari anamtazama. Hainami kwenye hadubini kuhakiki. Anatia mkono mfukoni, anatoa ufunguo, anafungua mtoto wa meza, na kuiweka kauri juu ya meza mbele ya Idarus, kama mtu anayerudisha amana.

Idarus anaitazama, haichukui. Anaandika "Nimeona" chini ya karatasi, anasita, halafu anaongeza kwa maandishi madogo, "isipokuwa mahali peupe," na jina lake.

"Ipo hapo hapo, nadhani," ananiambia akivaa viatu vyake mlangoni. "Lakini kudhani si kuona. Kesho jua likifika, nitaanzia hapo."